Hesabu, Haki na Imani: Lugha ya Msamaha wa Dhambi katika Nchi ya Chai

Lugha ya ibada katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet imeshughulikiwa na wahakiki kidogo mno kuliko lugha ya tenzi za pwani. Wengi huiona kuwa ni lugha ya kuazima, yaani Kiswahili cha Biblia kilichokutana na Kiswahili cha kambi za wafanyakazi. Dharau hiyo haina msingi. Mkipsigis huweza kumwomba Mungu kwa lugha yake nyumbani, lakini anaposimama kutoa ushuhuda mbele ya Mgusii, Mluo na Mluhya waliokuja kuchuma chai, hutumia Kiswahili. Hivyo fundisho la Kikristo kwamba mwanadamu husamehewa dhambi zake kwa imani, wala si kwa matendo yake, huingia kambini kwa mlango wa msamiati wa Kiswahili, na mlango huo una miimo yake.

Istilahi iliyo kiini cha fundisho hilo ni kuhesabiwa haki. Imeenezwa hasa na tafsiri ya Biblia ijulikanayo kwa jina la Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, nayo ni tafsiri iliyokusudiwa kuziunganisha njia mbili za kutafsiri, ya Mombasa na ya Unguja. Wafasiri hawakukosea. Kitenzi cha Kiyunani alichokitumia Mtume Paulo katika Waraka kwa Warumi kilikuwa pia kitenzi cha wenye kuandika daftari za mapato na madeni. Taabu iko katika neno haki. Kwa Kiswahili haki ni uadilifu, lakini pia ni kile mtu anachostahili kupewa, na mfanyakazi akisema amenyimwa haki yake, mara nyingi anazungumzia mshahara. Basi mtu aliyeinama tangu alfajiri akichuma majani mawili na chipukizi husikia nini anapoambiwa kwamba atahesabiwa haki?

Hapana budi kukumbuka jinsi siku yake inavyokwisha. Majani hupelekwa penye mizani, iwe ile ya ndoano ya zamani au ya elektroniki ya siku hizi. Karani huandika kilo, na mwisho wa mwezi kilo hizo hugeuka fedha. Manung'uniko juu ya kilo zilizokatwa ni ya zamani kama mizani yenyewe. Kwa msikilizaji wa namna hii, kuhesabiwa haki kwaweza kuwa na maana ya kupimiwa sawasawa, kulipwa bila ya kupunjwa. Maana hiyo ni kinyume kabisa cha alichokusudia Paulo.

Kwa sababu hii wako wanaotaka istilahi hiyo iachwe. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, husema juu ya kukubaliwa kuwa mwadilifu. Maneno hayo ni mepesi na hayampotoshi mtu. Hata hivyo, wepesi huo umenunuliwa kwa bei kubwa. Katika sura ya nne ya Warumi Paulo mwenyewe ndiye anayeleta habari ya mshahara: mfanyakazi, asema, hapewi hisani bali hulipwa anachodai. Baada ya kulisema hilo amweka penye mizani mtu asiye na kikapu kabisa, na huyo ndiye anayeandikiwa kilo kamili. Hoja yote imesimama juu ya mshtuko wa daftari hilo. Ukiondoa hesabu, unaondoa mshtuko. Kinachobaki ni tangazo la kukaribishwa, ambalo halimuudhi mtu wala halimshangazi. Mchumaji wa Kericho anaielewa hoja hii upesi kuliko msomaji wa mjini, maana ajua ni kashfa gani ingezuka kambini iwapo karani angeandika hivyo. Ndivyo ulivyo pia mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, ambao wahubiri wengi huupitia mbio kwa kuogopa swali la wale walioanza kazi asubuhi.

Tena, maneno hesabu, haki, dhambi, toba na imani yote yalitoka Uarabuni, yakazoea kutumika katika Kiswahili cha Waislamu wa pwani kabla ya misheni, nayo yalikuja na taswira ya matendo kuwekwa katika mizani Siku ya Mwisho. Mafundisho ya Paulo katika Kiswahili yanasema kwa msamiati ule ule ambao ungeweza kuyapinga. Huu ni utajiri, wala si kasoro.

Kasoro ipo mahali pengine, katika neno linalopendwa zaidi ya yote, kuokoka. Misheni ya Tenwek karibu na Bomet, iliyoanzishwa na World Gospel Mission katika miaka ya 1930, pamoja na Africa Gospel Church iliyokua kutokana na kazi hiyo, ni za mapokeo ya utakatifu yaliyotokana na mafundisho ya John Wesley. Mapokeo hayo hukazia kwamba baada ya msamaha yapaswa kuwapo maisha yaliyotakaswa. Lakini mshuhudiaji husema "nimeokoka", wala hasemi "nimeokolewa". Kauli ya kutendeka haidai mtenda: kikombe huvunjika, kamba hukatika, mtu huokoka. Aliyeokoa hatajwi ndani ya kitenzi. Linganisha na kusamehe, kitenzi kinachomdai mwenye kusamehe, mwenye kusamehewa na jambo lenyewe. Ushuhuda uliojengwa juu ya "nimeokoka" huelekea kuwa hadithi ya mtu mmoja: alikunywa, alipigana, aliiba, akabadilika. Aliyeibiwa hutoweka katika masimulizi.

Kwa Wakipsigis kutoweka huko si jambo dogo. Wao wanalo neno ng'oki, yaani balaa lifuatalo uovu, ambalo laweza kumwacha mkosaji likawaangukia watoto wake. Kutokana na wazo hilo, kosa lisilotengenezwa halizeeki. Mhubiri asemaye kwamba imani imelifuta kosa hulazimika kujibu kama limefutwa mbinguni tu au hata mlangoni kwa jirani. Na katika nchi ya chai majirani wanadaiana kweli. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa makabila mengine walifukuzwa makambini Kericho na nyumba zikachomwa. Na wenyeji nao hudai ardhi iliyochukuliwa enzi ya ukoloni ikapandwa chai, na huwakumbuka Watalai waliohamishiwa Gwassi kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1934. Mahali kama hapo, mahubiri ya kusamehe na kusahau yaweza kutumika kumnyamazisha mdai kabla hajasikilizwa.

Fundisho lenyewe halilazimishi hivyo. Zakayo wa Injili ya Luka alipokewa kwanza, ndipo akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Malipo hayakuununua msamaha, bali yalitoka ndani yake. (Wakenya walipompa rais wao jina hilo mwaka 2023 kwa ajili ya kodi, walimkumbuka Zakayo wa juu ya mti, wakamsahau yule aliyeshuka.) Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda ukaingia Kenya mwaka 1937, ulilijua jambo hili: ndugu walikiri hadharani, kisha wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni. Ushuhuda wa namna hiyo ni bora hata kwa kipimo cha fasihi, kwa kuwa una wahusika zaidi ya mmoja na una tendo linaloweza kuthibitishwa na mwingine.

Kiswahili chenyewe kinayo njia ya kulisema hilo. Imani, mbali na kuwa itikadi, ni huruma pia. Nyapara mkatili huambiwa hana imani, na asemaye hivyo hana habari na kanuni za kanisa. Maana hizo mbili zimekaa katika neno moja, na wahubiri wa mashambani hutumia moja tu. Mchumaji akisikia kwamba mtu husamehewa kwa imani, masikio yake tayari yana maana zote mbili, naye ana haki ya kumwuliza mshuhudiaji aliyeokoka kama siku hizi amekuwa na imani kwa yule aliyemchomea nyumba.