Pembe Bila Ndovu

Nimesoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa chuoni, kwa ajili ya mtihani. Mara ya tatu ni mwezi huu, nyumbani Tabora, wiki chache baada ya kumzika baba. Safari hii nilitafuta jambo moja tu: mahali ambapo mtoto anafundishwa kuwinda.

Sikupaona. Nilidhani patakuwepo, maana utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu, na baba yake aliishi hapa hapa Tabora, akamwoa binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tena kitabu kinaanza na mafunzo. Akiwa na miaka 12, kijana anakwenda safari fupi za sandarusi. Akiwa na 18, anafuatana na baba yake bara. Baba anataka mali isimamiwe na mtu mwingine, kijana anagoma, mwishowe anakabidhiwa yeye. Napapenda sana hapo, kiburi cha ujana kinasikika bila kupambwa. Lakini anachojifunza ni bei, mkopo na wapagazi.

Ndovu mwenyewe anaingia kitabuni akiwa ameshageuka mzigo. Baada ya kumshinda Nsama wa Itabwa, mwaka 1867, zinatajwa frasila 1,950. Frasila moja ni karibu kilo 16. Takriban tani 30, na hakuna damu hata tone.

Baba yangu mimi alinianzishia kwingine. Nilikuwa na miaka tisa. Aliachia jivu kidogo mkononi, akatazama linapepea kuelekea wapi, tukaenda linakotoka. Gobole sikuruhusiwa kuligusa mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Siku niliyoruhusiwa nilimjeruhi kanga, akakimbilia vichakani. Tulimtafuta mpaka jua la utosi.

“Baba, si tutapata mwingine?”

“Huyo mwingine hujamkosea, mwanangu.”

Tulimkuta nyuma ya kichuguu. Nilimmaliza mwenyewe, kwa mikono. Jioni ile sikula.

Najua utetezi. Hii ni hesabu ya mfanyabiashara, iliyoandikwa uzeeni Unguja kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode; kwa nini tuidai habari za porini? Sawa. Ila Tippu Tip ni msimuliaji hodari, anakumbuka nani alimjibu jeuri na kwa maneno gani. Angetaka, angetuonyesha. Wanyamwezi waliowinda ndovu walikuwa na vyama vyao, dawa zao, miiko yao na wanafunzi wao, na wengine wao walikuwa baba waliotembea na watoto wao porini. Kitabu kinabeba pembe zao na kuacha ujuzi wao njiani. Huo ndio upungufu wake mkubwa kwangu, kuliko hata majigambo ya vita ambayo wahakiki huyasema kila mara.

Na bado tunamsoma kama mfanyabiashara. Baba, kwa kanga na pongo wachache wa kitoweo, kisheria alikuwa jangili: gobole lake halikuwa na kibali.

Sasa liko chini ya kitanda cha mama, limefungwa kwenye khanga. Kesho kutwa nalipeleka polisi nikalisalimishe. Jana usiku mama aliniuliza nitawaambia ni la nani.