Utafiti unaompokonya mnyonge kauli yake

Majuzi nilitahini tasnifu ya saikolojia kuhusu kina mama wa mtaa mmoja wa mabanda. Mahojiano yalifanywa kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba katika sura ya matokeo, kina mama hao wote walizungumza Kiingereza cha kitabuni! Nikaomba rekodi. Mmoja wao alikuwa amesema, "Moyo umenijaa, sina pa kuumwagia." Kwenye tasnifu akageuzwa mgonjwa wa sonona. Basi.

Sina ugomvi na utafiti wa kimaelezo. Fadhila yake hasa ni kumsikiliza mhojiwa badala ya kumhesabu tu. Ugomvi wangu ni na mtafiti anayesikiliza, kisha akakitupa alichokisikia.

Wenzetu wa Zimbabwe hawakutupa. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. (Mswahili asidhani ni habari ya mlango, kwao kufunga ni kufikiri, na hiyo -isis- ndiyo inayotia mkazo.) Katika miaka ya 1990 watafiti waliunda hojaji kutokana na semi za Kishona zenyewe. Mnamo 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda akaanza kazi na nyanya 14 mtaani Mbare, Harare. Mwaka uliotangulia, bomoabomoa ya serikali ilikuwa imewavuruga watu wapatao 700,000 nchini humo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Wakapoteza makao, riziki au vyote viwili. Nyanya hao waliketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Jina "benchi la afya ya akili" liliwatisha watu, nao nyanya wakataka liitwe benchi la urafiki. Hatua ya kwanza ya mazungumzo ni kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma za kawaida.

Nilimwagiza mtahiniwa arejeshe maneno ya kina mama jinsi yalivyotamkwa, tafsiri ifuate chini yake. Akalalamika kwamba kurasa zitazidi. Nikamwambia ziache zizidi. Kisha nikamuuliza iwapo kina mama wenyewe wameyaona aliyoandika juu yao. Akainamisha kichwa. Nikamrudisha mtaani akawasomee.