Wasifu wa Nduna Songea Mbano

Wasifu wa shujaa hupimwa kwa mashahidi wanaoitwa kumnena. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni wa Njelu, aliingia katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga, na mji ukabaki na jina lake. Hayo husimuliwa, na ni haki yasimuliwe. Lakini msimulizi akipanda milima ya Mbinga atakuta ushahidi wa namna nyingine. Huko Wamatengo walijificha kwa kuhofu mikuki ya Wangoni, wakalima ngoro katika miteremko mikali. Na wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliijua hofu hiyo. Je, yafaa ushahidi huu ufutwe ili shujaa ang'ae? La. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), hakuficha uhasama wa makabila kabla ya umoja, wala shaka ya kiongozi mwenyewe. Kwa hiyo msomaji humwamini hata mwisho wake. Songea naye astahili mwandishi wa namna hiyo, atakayemwonyesha akiwa mvamizi kwanza, kisha mvamiwa. Hapo mwanafunzi wa Songea na mwenziwe wa Mbinga wataweza kusoma wasifu mmoja, wala hapana atakayeinamisha kichwa.