Majibu Mengi, Mstari Mmoja

Mwaka 1970 Edgar Codd, akiwa mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali, na kila kisanduku cha jedwali kibebe thamani moja tu. Kanuni hiyo ndiyo inayoshikilia hifadhidata nyingi za benki, hospitali na shule hadi leo. Lakini mzazi anayesubiri ujumbe wa simu hasomi jedwali. Anataka aone mara moja: “Hisabati, Kiswahili, Jiografia, Kemia.” Kuzichukua safu za jedwali na kuzitunga ndani ya kigeu kimoja cha maandishi ni ufundi ninaousifu hapa, maana wengi huudhania kazi ya kubandika tu.

Anza na kile kisichokuwepo. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, NULL si sifuri wala si maandishi matupu. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Ukiunga maandishi na kisichojulikana, jibu zima nalo halijulikani. (Oracle ina desturi yake: huko NULL hupuuzwa katika kuunga.) Ndiyo maana kigeu ambacho hakikupewa thamani ya kuanzia humeza kila unachokiongezea, na mwanafunzi mmoja asiyeandikiwa jina la kati aweza kufuta orodha ya darasa zima. Fundi hodari hukianzisha kigeu kwa maandishi matupu, kisha kwa COALESCE hukiwekea kila kisanduku kitupu kitu cha kukisitiri. Uangalifu huu naupenda kuliko yote, kwa sababu ni wa kumjali asiyekamilika kwenye kumbukumbu, asije akapotea yeye na wenzake.

Kisha kuna mpangilio. Jedwali halina wa kwanza wala wa mwisho. Mpangilio huja kwa kuagizwa. Kwa miaka mingi watumiaji wa SQL Server waliunga kwa kukiongezea kigeu safu baada ya safu ndani ya SELECT moja, wakaweka ORDER BY mwishoni. Microsoft yenyewe imeonya kwamba njia hiyo haina uhakika. Wengine wakatumia FOR XML PATH, agizo la kutoa majibu kama XML, wakaukata mkato wa mbele kwa STUFF: ubunifu wa kuheshimiwa, ingawa alama ya “&” iligeuka “&” asipokuwepo mtu wa kuiangalia. STRING_AGG, kitendakazi cha kuunga ambacho PostgreSQL ilikuwa nacho tangu mwaka 2010, kilifika SQL Server mwaka 2017, na tangu hapo mkato unakaa kati ya majina, pasipo kubaki mmoja wa ziada mbele au nyuma.

Urefu nao una mipaka. GROUP_CONCAT, inayofanya kazi hiyo hiyo katika MySQL, mpaka wake usipobadilishwa, huishia baiti 1024. Kinachozidi hukatwa na kuachiwa onyo ambalo programu nyingi hazilisomi.

Nina neno moja kwa anayeingia katika kazi hii. Mstari huu ni wa kusomwa na mtu, usiurudishe jedwalini. Ukiuhifadhi, siku mwalimu mkuu atakapouliza ni wangapi wanaosoma Kemia utaanza kuupasua mkato kwa mkato, na jina lenye mkato ndani yake litakuponyoka. Unga mwishoni kabisa, ujumbe ukikaribia kuondoka, na uziache safu zako moja moja.