Kijana wa Miaka na Kijana wa Rika

Utafiti wa fasihi ya vijana hukwama mapema katika swali hili: kijana ni nani? Umoja wa Mataifa huhesabu miaka 15 hadi 24. Katiba ya Kenya ya 2010, miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Mtafiti wa wasomaji katika mtaa wa Landless, Thika, akishika kipimo cha kwanza, atamwacha nje mwanamume wa miaka 30 asiye na kazi wala kiwanja, ambaye bado huitwa kijana. (Jina la mtaa, lenye maana ya wasio na ardhi, si la kupuuzwa hapa.) Papo hapo atamwingiza binti wa miaka 19 ambaye, kwa kuwa amezaa, huitwa mama fulani. Wagikuyu walihesabu rika la waliotahiriwa pamoja. Anake a Forty walipata jina kwa mwaka 1940. Katika Kill Me Quick (1973) ya Meja Mwangi, Meja na Maina wamesoma, lakini jiji haliwapi kazi. Ndiyo maana utu uzima wao unaahirishwa. Sampuli ya wasomaji wa riwaya hiyo ingefaa ipangwe kwanza kwa kazi na makazi, umri ukaandikwa kando.