Mlinzi wa Kijito

Katika kazi ambazo wanaadamu huzifanya pasi na tarumbeta wala taadhima, sijaona inayostahili pongezi kuliko ya mlinzi wa Putah Creek, kijito cha California, Marekani, ambacho, baada ya Bwawa la Monticello kukamilika mwaka 1957 na maji yake kuelekezwa mashambani na mijini, kilikauka masafa marefu katika ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wenyeji walikwenda mahakamani. Na mwaka 2000 mahasimu wakaafikiana, wakaandika mkataba uliomweka mlinzi huyo kazini.

Nami huistaajabia hekima ya mkataba ule, kwani haukutaka wingi wa maji kadiri ulivyotaka maji kwa wakati wake: majira ya kuchipua huachiliwa mkupuo wa maji ili samaki wa asili watage, na majira ya vuli huachiliwa mwingine, kuwaita samoni watokao baharini. Mlinzi huukagua mkondo, huzungumza na wenye mashamba (nadhani ndiyo kazi iliyo ngumu zaidi), hutengeneza kingo zilizobomoka. Samaki wa asili, waliokuwa wamebanwa katika kipande kidogo cha kijito, wameteremka tena. Na samoni wamerudi.