Kuta za Waliofukuzwa

Watu wengi hudhani kwamba picha njema ni ile inayoonyesha sura ya mtu waziwazi, hata tukamtambua na kumtaja jina. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za msanii mmoja ambaye picha zake karibu zote hazina mtu ndani, na walakini habari zake zote ni habari za watu. Ni Bibi Zarina Bhimji, Mhindi aliyezaliwa Mbarara, nchi ya Uganda, mwaka 1963. Kazi yake si ya rangi na brashi, ni ya kamera na sinema. Anakaa Uingereza, mbali nasi; lakini twaona kazi yake yatuhusu sana sisi wa Lubumbashi.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin, aliyekuwa akitawala Uganda, alitoa amri kwamba Waasia watoke katika nchi kwa muda wa siku 90. Wengi wao walizaliwa palepale, na wazee wao walikuja zamani kwa biashara na kwa kazi. Waliacha maduka, nyumba na viwanda, wakaenda na mizigo michache. Zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Bibi Bhimji mwenyewe alifika huko mwaka 1974, akiwa bado mtoto.

Alipokuwa mtu mzima alirudi Uganda na kamera. Matunda yake ni sinema iitwayo Out of Blue, ya mwaka 2002, yenye muda wa dakika 24 hivi. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Documenta, mjini Kassel, Ujerumani, ambayo mwaka ule yaliongozwa na Mnijeria, marehemu Okwui Enwezor.

Anayeitazama hapewi hadithi. Kwanza aona nchi ya kijani na ukungu wake, halafu moto ukila majani. Baadaye kamera yaingia polepole katika majumba yaliyoachwa, yapita vyumba vya gereza na kambi ya askari, na uwanja wa ndege wa Entebbe. Amin haonekani, wala hakuna shahidi anayeketi mbele ya kamera na kusimulia. Kuna kuta, na nuru juu ya kuta. Lakini masikio yasikia mengi: moto, ndege, wadudu, sauti za watu zisizoshikika vizuri. Msanii mwenyewe amesema kwamba kazi yake haishughuliki na matukio yenyewe, bali na mwangwi wake.

Mtu aweza kuuliza: Je, huku si kukwepa ukweli? Swali hili ni la haki, wala hatutaki kulipita. Kijana asiyejua lolote juu ya 1972 aweza kutazama dakika zote 24 akaona magofu mazuri tu. Uzuri wa magofu ni mtego. Sisi wa Katanga twaujua, kwa maana wageni hupenda kupiga picha viwanda vyetu vilivyokufa, kisha huenda zao bila kuuliza nani alifanya kazi mle.

Hapa yafaa tumlinganishe na mwana wa mji wetu, Bwana Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika picha zake ziitwazo Mémoire, za mwaka 2006, alipiga picha za majengo mabovu ya Gécamines, kisha akawabandika mbele yake watu wa zamani waliotolewa katika picha za ukoloni: wafanyakazi wa Kiafrika na mabwana wa Kizungu, wote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kwake gofu halikai peke yake. Wenyewe wamerudi na kusimama mlangoni, nasi hatuna njia ya kupita bila kuwatazama machoni.

Basi, Baloji awarudisha watu, Bhimji awaacha nje. Nani amefanya vema? Twasema kila mmoja ana sababu yake. Baloji asema juu ya watu waliosahauliwa ingawa jasho lao limo katika matofali. Hao yafaa waonyeshwe. Bhimji asema juu ya watu waliofukuzwa, na aliyefukuzwa hujulikana kwa nafasi aliyoiacha. Kumbandika mtu pale kungekuwa kusema kwamba amerudi, naye hakurudi. Picha yake moja aliipa jina lenye maana hii: Bapa alifunga moyo wake, yakaisha. Bapa ni baba kwa lugha ya Kigujarati. Baba huyo yumo katika jina la picha, na jina hilo latosha kutuumiza.

Tena kuna jambo tunalolisifu kuliko yote. Katika Out of Blue nyumba na gereza vyatazamwa kwa jicho moja na kwa nuru moja. Bibi Bhimji angeweza kulia kwa ajili ya Wahindi peke yao. Hakufanya hivyo. Bunduki iliyowatoa Waasia iliwaua Waganda wengi mno katika miaka iliyofuata, na kuta za gereza zasema habari hiyo pia.

Pungufu twaliona moja. Mwafrika aliyefanya kazi dukani mwa Mhindi, na yule aliyepewa ufunguo baada ya amri, hawasikiki. Wale waliobaki nao wana mwangwi wao.

Na hapo ndipo kazi hii yatugusa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitwaliwe, na magazini za Wagiriki, Wareno na Wahindi zikapewa wenyeji, hasa wakubwa. Nyingi zilibaki na rafu tupu upesi, hata mwaka 1976 serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe. Tena mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Walingoja gari la moshi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi siku nyingi, wengine miezi, na wengi walifia palepale. Nyumba zao hazikukaa tupu. Waliingia watu, na watoto wakazaliwa mle.

Methali husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mara mbili tumeona mgeni akitolewa, na mwenyeji hakupona.

Tangu mwaka 2008 jumuiya ya Picha imefanya mji wetu kuwa mahali pa maonyesho makubwa ya sanaa. Twatamani vijana wanaojifunza kamera huko waitazame sinema hii, wasiige ukimya wake tu, bali wajifunze subira yake. Kisha waende kwenye nyumba za mitaa yao, wabishe hodi, na waulize kwa adabu: Nani alikaa hapa kabla yenu?